Kungwi, Baraza na Chuo: Habari za Mafunzo ya Washauri wa Ndoa katika Handeni na Korogwe

Kamusi zetu hulieleza neno kungwi kwa maneno machache: mwanamke amfundaye mwari mambo ya unyumba. Maelezo hayo si makosa, ila yaacha jambo moja kubwa nje, nalo ni kwamba kungwi mwenyewe alifundwa kabla ya kufunda, na kwamba palikuwa na mlango aliopaswa kuupita. Makala haya yafuata habari za mlango huo katika wilaya mbili za Mkoa wa Tanga zinazopakana, yaani Handeni na Korogwe. Nani aliruhusiwa kuingia kati ya mume na mke waliokosana? Aliandaliwa vipi, na nani alimpima? Swali hili laulizwa leo na vyuo vikuu vinavyotoa shahada ya ushauri wa ndoa na jamaa, kana kwamba ni swali jipya.

Tuanze Handeni. Wilaya hiyo, pamoja na Kilindi iliyotengwa nayo mwaka 2002, ndiyo nchi ya Wazigua na Wanguu, watu ambao zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mwaka 1944 Bwana Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyechunguza mila kwa niaba ya Serikali ya Tanganyika, alichapisha katika jarida la Africa maelezo ya sanamu za udongo walizozitumia Wanguu katika unyago. Mwaka 1956 akatoa kitabu kizima juu ya sanamu za namna hiyo. Kwa jicho la mpita njia ni vitu vidogo visivyo na maana: mnyama, chombo cha nyumbani, mtu asiye na mikono. Lakini kila sanamu ilikwenda na wimbo wake, wimbo ulibeba fumbo, na fumbo lilificha funzo: mwenendo wa mke kwa mumewe na wa mume kwa mkewe, adabu mbele ya wakwe, hatari za uzinzi. Mwaka 1980 Bibi Elisabeth Grohs akachapisha kwa Kijerumani kitabu kiitwacho Kisazi, juu ya unyago wa wasichana wa Wazigua na Wanguu, ambamo mambo haya yachunguzwa kwa upande wa wanawake.

Yafaa tutulie kidogo juu ya sanamu hizi, maana zatuonyesha namna mwalimu alivyopatikana. Sanamu bila wimbo haifundishi kitu, na wimbo bila ufunguo wa fumbo lake ni ngoma tu. Mtu hakuweza kununua elimu hiyo sokoni wala kuikariri kwa siku moja. Mwanamke asiyechezwa hakuweza kumcheza mwenziwe, na aliyechezwa jana hakuwa kungwi leo. Alikaa pembeni ya wakubwa, akaitikia nyimbo, akaona wari wengi wakipita, mpaka watu wenyewe walipomwona kuwa amekomaa. Huko pwani nako Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandiko yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, aeleza jinsi kungwi alivyokuwa karibu na bibi arusi hata ndani ya siku za arusi yenyewe. Basi ujuzi huu ulipimwa mbele ya macho ya wengi, na aliyekosea alijulikana.

Hata hivyo tusiipambe mila kupita kiasi, kama wafanyavyo baadhi ya waandishi wanaoililia wakiwa mbali nayo. Kungwi alikuwa mtu wa upande mmoja. Alimfunda mke kuliko alivyomfunda mume, na funzo lake kubwa lilikuwa uvumilivu. Ugomvi ukizidi, neno lilirudi kwa wazee wa koo mbili. Mpango huo ulitaka koo zote mbili ziwepo, zijuane, na ziweze kukutana chini ya mti mmoja.

Huko Korogwe jambo hilo lilivunjika mapema. Reli iliyoanza Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakaenea kandokando yake, Magunga, Ngombezi, Mnyuzi na Hale. Wafanya kazi walitoka mbali: Waha, Wanyamwezi, Wamakonde, Warundi na wengine wengi, manamba waliohesabu kazi yao kwa vipande vya siku thelathini. Katika kambi hizo mume aliweza kuwa wa Kigoma na mke wa Uzigua. Mjomba wa mke alikuwa mwendo wa siku moja, na baba wa mume mwendo wa majuma. Wakigombana, nani aitwe? Jirani? Mnyapara? Dini zilijaza sehemu ya pengo hilo. Waislamu walikuwa na agizo la Kur-ani, sura ya Annisaa aya ya 35, la kuweka mwamuzi mmoja kutoka jamaa ya mume na mwingine kutoka jamaa ya mke; agizo ambalo nalo, kama msomaji aonavyo, lahitaji jamaa mbili zilizo karibu. Wakristo walikuwa na padre wao na wazee wa kanisa. Tena wengi waliishi pamoja bila arusi yoyote, na hawa sheria ilikuja kuwakumbuka baadaye: kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa huwadhania kuwa wameoana mume na mke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi wakihesabiwa hivyo na watu.

Kabla ya kuifikia sheria hiyo, turudi kwa Bwana Cory, kwa maana habari zake zina kitendawili. Mtu huyu aliyekusanya sanamu za unyago ndiye aliyepewa, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kazi ya kukusanya na kuunganisha sheria za mila za Tanganyika. Alikufa mwaka 1962, na matunda ya kazi yake yakatangazwa mwaka 1963 kuwa sheria ya mila kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Humo mna mahari, talaka, ulezi wa watoto na urithi, kifungu baada ya kifungu. Mafunzo hayamo. Sijui mfano mwingine ulio wazi kama huu wa namna dola ilivyochukua hukumu za mila ikaiacha shule yake. Na hapa aliyechukua hukumu aliijua shule hiyo vizuri kuliko mgeni yeyote wa zamani zake.

Sheria ya Ndoa, Namba 5 ya mwaka 1971, ilitanguliwa na Waraka wa Serikali Namba 1 wa mwaka 1969. Iliunganisha ndoa za dini, za mila na za serikali chini ya mwavuli mmoja. Kwa makusudi yetu kiini chake ni vifungu vya 101 hadi 104. Mtu hawezi kupeleka ombi la talaka mahakamani mpaka shauri lake limepita kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na baraza limethibitisha kuwa limeshindwa kuwapatanisha. Zipo hali za pekee zilizosamehewa, mathalan mwenzi aliyemtoroka mwenziwe au aliyefungwa miaka mingi. Kila kata iwe na baraza. Na Waziri aweza pia kuitambua kamati ya jumuiya fulani kuwa baraza, ndiyo maana pana mabaraza ya Waislamu na ya makanisa. Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Mawakili hawaingii. Tangu Sheria ya Mabaraza ya Kata ya mwaka 1985, mara nyingi wajumbe wale wale wa baraza la kata ndio waliosikiliza pia mambo ya ndoa.

Ama kuhusu mafunzo ya wajumbe, sheria imenyamaza. Haikutaka wawe wamesoma chochote wala wamekaa chini ya mkubwa yeyote wakijifunza, na hata kwamba wawe wamepata kuoa au kuolewa haikutaja. Mtunga sheria aliwachukua kuwa wazee wenye busara, akaona yatosha. Kungwi wa Kinguu, ambaye kazi yake ilikuwa nyimbo na udongo, alipita mlango mwembamba kuliko mjumbe wa baraza, ambaye kazi yake ni kufungua au kufunga njia ya mahakama.

Uzito wa jambo hili waonekana kwenye hati. Ombi la talaka laambatana na hati ya baraza iliyotolewa katika miezi sita iliyotangulia, na hati yenye kasoro yaweza kuangusha kesi nzima. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilifuta mwenendo wote wa shauri moja la talaka, lililokwisha kupita mahakama za chini, kwa sababu halikuwa na hati iliyo halali. Mwanamke wa kijiji cha Handeni ambaye wajumbe wake hawajui namna ya kuandika hati arudi mwanzo, kwa gharama yake mwenyewe. Tena kiko kifungu cha 66, kisemacho kwamba hakuna mwenzi mwenye haki ya kumwadhibu mwenziwe kwa kumpiga. Mjumbe asiyekijua kifungu hicho atamrudisha mke nyumbani kwa funzo la uvumilivu, akidhani ametenda kazi ya wazee wake.

Ajabu yake ni kwamba shule hazikuwa mbali. Milimani, juu tu ya Korogwe, kipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1998, na huko hufundishwa mahakimu ambao hati hizo zitafikishwa mbele yao. Chuo cha Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam, kiliwekwa kwa sheria ya mwaka 1973, miaka miwili tu baada ya Sheria ya Ndoa, kufundisha maafisa wa ustawi. Hakimu amesoma, na afisa wa ustawi amesoma. Aliyeketi kati ya hao wawili na nyumba ya watu hakutakiwa kusoma.

Katika nchi nyingine kazi hii ilikwenda kwa njia mbili, na kuzilinganisha kutatusaidia. Marekani iliifanya taaluma. Paul Popenoe alifungua taasisi yake ya mambo ya ndoa huko Los Angeles mwaka 1930. Chama cha washauri wa ndoa kikaundwa mwaka 1942. Na mwaka 1963 California ikawa jimbo la kwanza kutoa leseni kwa kazi hiyo. Leo mwombaji wa leseni ya California hana budi kuwa na shahada ya uzamili, kisha atimize saa 3,000 za kazi chini ya usimamizi. Uingereza ilishika njia nyingine. Baraza la kwanza la ushauri wa ndoa lilianza London mwaka 1938, likaenea kuwa la taifa, na tangu 1988 laitwa Relate. Kwa miaka mingi washauri wake walikuwa watu wa kujitolea, wengi wao bila shahada yoyote ya kazi hiyo; lakini walichaguliwa kwa kupimwa tabia, wakafundishwa, kisha wakawekwa chini ya msimamizi. Kwa maoni yangu Waingereza hao walimkaribia kungwi kuliko walivyojua.

Katika Afrika ya Mashariki njia ya shahada imefika. Huko Nairobi Chuo Kikuu cha Pan Africa Christian hutoa shahada ya uzamili na ya uzamivu katika tiba ya ndoa na familia, na Kenya ilitunga sheria ya washauri na wanasaikolojia mwaka 2014. Kijana wa Korogwe mwenye shahada ya kwanza na ada mkononi aweza kuomba nafasi huko. Atajifunza kusikiliza pande mbili bila kuwa wa upande mmoja, jambo ambalo kungwi hakulifanya. Atajifunza siri na mipaka yake. Atafanya mazoezi chini ya mkubwa, na hapo ndipo chuo na unyago vyakutana.

Lakini atajifunza kwa Kiingereza. Sisi tushughulikao na lugha twapaswa kulitazama jambo hili kwa makini. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Baraza la kata lilikwisha kukitumia siku zote, pamoja na Kizigua au Kisambaa pale wazee wakiwa peke yao. Mtaalamu atakayerudi na shahada yake atakuta istilahi zake hazina makao. Tuna ushauri nasaha na mnasihi, maneno yaliyoenea kwa nguvu katika miaka ya ugonjwa wa ukimwi, kwa hiyo masikioni mwa wengi yangali na harufu ya zahanati. Tiba ya ndoa nayo yamfanya mtu aulize ni nani mgonjwa. Suluhu ni neno zuri la zamani, ila lasema mwisho wa kazi na kuiacha njia yake. Kufunda na kufundwa, maneno yenye utajiri wote wa mafunzo ya taratibu, yamefungiwa ndani ya habari za wari. Ningependa kuona yakijaribiwa katika maana pana: mjumbe aliyefundwa, baraza lililofundwa. Wasomaji wa jarida hili huenda wakakataa, nami nitafurahi kusikia neno lililo bora.

Kazi yenyewe ingeweza kuanza na kitu kidogo, yaani ile hati. Kifungu cha 104 chataka baraza liandike humo liliyoyaona, na tena chaliruhusu kuongeza mapendekezo yake juu ya matunzo ya mke, mgawanyo wa mali na ulezi wa watoto. Mjumbe wa Kwamsisi au wa Mombo apewa karatasi, nafasi ya mistari michache, na mambo hayo matatu.