Mstari Mlalo katika Jedwali: Historia Fupi ya Kitu na Jina Lake

Mfasiri anapopewa jedwali huyatazama zaidi maneno na tarakimu zilizomo. Mistari inayozigawa humwachia mpiga chapa. Mazoea haya yana hasara. Mstari mlalo ni sehemu ya maana ya jedwali, kama nukta ilivyo sehemu ya maana ya sentensi. Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa ufupi historia ya mstari huo, tangu hati za mkono hadi programu za kompyuta zinazopanga matini kwa alama, kisha kupendekeza namna ya kuutaja pasipo utata.

Tuchukue mfano wa Kisiwa cha Bwejuu. Kisiwa hiki kidogo cha wavuvi kimo katika Wilaya ya Mafia, magharibi ya kisiwa kikuu, kuelekea delta ya Rufiji. Iko Bwejuu nyingine katika pwani ya mashariki ya Unguja. Katika orodha ya mahali ya nchi nzima, majina hayo mawili huandikwa kwa herufi zile zile. Kinachomjulisha msomaji kuwa hii ndiyo ya Mafia na ile ndiyo ya Unguja ni kichwa cha kundi, pamoja na mstari mlalo unaofunga kundi moja kabla ya kufungua jingine. Mstari ukipotea wakati wa kunakili, kisiwa kinaweza kuhamishwa makaratasini bila mtu yeyote kukusudia.

Ndivyo ilivyo pia katika daftari la diko. Kila chombo, kiwe ngarawa au mashua, huandikiwa uzito wa samaki wake, na chini kabisa huandikwa jumla. Mstari ulio juu ya jumla humwonya karani kwamba tarakimu inayofuata si ya chombo kingine. Akiukosa, naye akaijumlisha pamoja na nyingine, samaki wa siku ile watakuwa wamehesabiwa mara mbili. Mpango wa maendeleo utakaotegemea hesabu hiyo utakuwa umepotoka tangu mwanzo.

Historia ya mstari wenyewe ni ndefu. Waandishi wa hati za Kiarabu walikuwa na kifaa kilichoitwa mistara, yaani ubao uliotandwa nyuzi. Karatasi iliwekwa juu yake na kukandamizwa kwa kidole, nyuzi zikaacha alama hafifu za kumwongoza mwandishi. Neno letu mstari ni la ukoo huo. Jedwali nalo limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kijito cha maji, ambalo baadaye lilitumika pia kwa mistari ya kuzungushia matini na kwa orodha iliyogawanywa kwa mistari.

Washairi wa mwambao walijua kupanga maandishi kwa safu hata bila ya kuchora mistari. Katika hati nyingi za tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, vipande vinne vya ubeti viliwekwa katika mstari mmoja, vikitengwa kwa nafasi au kwa alama ndogo. Jicho lilisoma ubeti kwa mlalo, na vina vilionekana vikishuka kwa wima.

Ukoloni ulileta fomu zilizokwisha pigwa mistari. Mafia iliingia chini ya Wajerumani mwaka 1890, na mwaka 1898 kodi ya nyumba ikaanza kutozwa katika koloni lao. Waingereza waliiteka Mafia mwaka 1915, nao wakaendelea na madaftari ya namna hiyo hiyo. Katika uchapaji wa herufi za risasi, mstari ulikuwa kitu cha kushikika: kipande chembamba cha madini kilichopangwa baina ya herufi. Kwenye taipureta, mpiga chapa alirudia kistari kutoka ukingo hadi ukingo. Mistari wima ilichorwa baadaye kwa kalamu na rula.

Kompyuta zilichelewa kuenea nchini. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wake, na amri hiyo haikuondolewa hadi miaka ya 1990. Katika kipindi hicho, huko Marekani, Donald Knuth alitoa programu ya TeX mwaka 1978, na Leslie Lamport akaijengea LaTeX katika miaka ya 1980. Hapo mstari mlalo ukawa amri inayoandikwa ndani ya matini, yaani \hline. Baadaye Simon Fear aliandaa nyongeza iitwayo booktabs, yenye amri tatu tofauti: mstari mnene wa juu, mwembamba wa kati na mnene wa chini. Alishauri mistari wima isitumike kabisa. Katika kurasa za intaneti, lugha ya mitindo ya CSS, iliyotangazwa mwaka 1996, ilimwezesha mpangaji kuchagua mstari wa kila upande wa kila kisanduku.

Somo la historia hii ni kwamba mstari uliokuwa pambo la mpiga chapa sasa huagizwa kwa jina. Asiye na jina la kitu hawezi kukiagiza. Hapa ndipo Kiswahili chetu kinapohitaji uangalifu. Neno mstari hutumika kwa alama iliyochorwa na pia kwa maneno yaliyopangwa katika mlalo mmoja. Neno safu lina utata wa namna nyingine: safu ya askari au ya milima hutandazika, bali safu ya gazeti hushuka. Watafsiri wa programu za kompyuta wameutatua utata huo wa pili kwa kutumia safu mlalo na safu wima, na istilahi hizo zimekwisha zoeleka.

Kwa hiyo inapendekezwa:

1. Mstari, katika majedwali, litumike kwa alama iliyochorwa tu.

2. Safu mlalo na safu wima zitumike kwa mpangilio wa maneno na tarakimu.

3. Mstari wa juu, mstari wa kati na mstari wa chini zitaje mahali mstari mlalo ulipo. Na ule unaotangulia hesabu ya mwisho uitwe mstari wa jumla.

4. Mfasiri ahakikishe kwamba kila mstari unaotenga makundi katika jedwali la asili umo katika tafsiri yake.

Wasomaji wanaojua majina mengine yanayotumika madikoni, maofisini au katika viwanda vya uchapaji wanaombwa kuyaleta kwa mhariri, ili yapimwe pamoja na haya kabla ya kusanifishwa.