Kilwa kwa Jicho la Mgeni: Ushahidi wa Ibn Battuta na Kalamu ya Granada

Mji wa Kilwa Kisiwani, katika pwani ya Lindi, umetajwa na wageni wengi. Lakini hapana mgeni ambaye maneno yake yamerudiwa mara nyingi kama Ibn Battuta wa Tanja, aliyefika huko mwaka 1331. Maneno hayo hutumiwa kuthibitisha utukufu wa Kilwa, lakini ni wachache waulizao yaliandikwa na nani, na wapi. Nayo yana fumbo ndani yake. Mgeni ausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa na yenye majengo bora, kisha asema kwamba wote umejengwa kwa miti na kuezekwa kwa matete. Leo mtu avukaye kwa mashua kutoka Kilwa Masoko haoni miti wala matete, aona mawe. Je, ni nani wa kusadikiwa, mgeni au magofu?

Kwanza yafaa kitazamwe kitabu chenyewe. Ibn Battuta hakukiandika kwa mkono wake. Alikisimulia huko Fez kwa amri ya Sultani Abu Inan, na masimulizi yakamalizika mwaka 1355, yaani zaidi ya miaka ishirini baada ya safari ya Kilwa. Aliyeyapanga na kuyatia katika Kiarabu cha kisomi alikuwa Ibn Juzayy, mzaliwa wa Granada. Watu hawa wawili walionana mara ya kwanza mjini Granada mwaka 1350, katika utawala wa Yusuf wa Kwanza, mmoja wa wafalme waliojenga majumba ya Alhambra. Hivyo khabari za Kilwa zilitoka katika kumbukumbu ya mtu wa Tanja, zikapita katika kalamu ya mtu wa Andalusi.

Kalamu hiyo ina lawama yake. Yajulikana kwamba sehemu za kitabu zihusuzo Sham na Hijazi zilichukuliwa kwa wingi katika safari ya Ibn Jubayr, mtu wa Valencia, aliyetangulia kwa zaidi ya karne moja. Msomaji aweza basi kushuku kwamba na Kilwa nayo ilipambwa kwa maneno ya kuazima. Lakini Ibn Jubayr hakufika pwani hii, wala hakuielezea. Tena, mwandishi wa Granada atakaye kuupamba mji asiouona angeutilia kuta za mawe, mabirika na bustani, kama alivyozoea kwao; asingeupamba kwa matete. Kwa sababu hiyo neno la miti, ambalo laonekana kuwa dhaifu kuliko yote, ndilo lielekealo zaidi kuwa limetoka kwa mtu aliyeona kwa macho yake.

Magofu nayo, yakisomwa vizuri, hayamkanushi. Majengo mengi ya mawe yasimamayo leo ni ya baada ya ziara hiyo. Msikiti Mkuu ulipanuliwa mwanzoni mwa karne ya 14, ukaanguka, nao ukajengwa tena katika karne ya 15. Kuta za Makutani ni za karne za baadaye, na Gereza lionekanalo ufukweni lilijengwa upya wakati wa Waomani. Husuni Kubwa ndiyo ya zama za mgeni wetu: jumba la vyumba zaidi ya mia moja, lenye birika la pembe nane, juu ya jabali mashariki ya mji. Lakini hilo lilikuwa jumba la mfalme, lililojitenga na makazi ya watu, na ujenzi wake haukukamilika. Raia walio wengi walikaa katika nyumba za miti na udongo, ambazo zikianguka huacha alama ndogo tu ardhini. Hata nyumba ya mawe ilihitaji miti, kwani dari yake ilibebwa na boriti, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba.

Mwaka 1505, Wareno wa Francisco de Almeida walipouteka mji, Mjerumani Hans Mayr aliyekuwa katika msafara huo aliandika khabari za nyumba imara za mawe, zenye ghorofa na kupakwa chokaa. Kati ya wageni hawa wawili kuna miaka 174. Haifai kumwita mmoja mwongo kwa ajili ya mwingine. Kila mmoja aliona mji wa siku zake, na katikati ya siku hizo mawe yalikuwa yameongezeka.

Katika jambo jingine ushahidi wa Ibn Battuta watiwa nguvu na vitu asivyovijua. Amtaja sultani kwa jina la Hasan, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake, na asimulia jinsi alivyompa fakiri kutoka Yemeni nguo alizozivaa. Tarikh ya Kilwa, ambayo nakala yake ya Kiarabu ya mwaka 1877 ilipatikana Unguja, yamjua sultani huyo kwa lakabu hiyo hiyo. Jina la al-Hasan bin Sulaiman limeonekana katika maandishi ya mawe ya Husuni Kubwa, na katika sarafu za shaba, ambazo moja yake iliokotwa mbali sana, Zimbabwe Kuu.

Wanafunzi wa lugha nao wana haja na mgeni huyu. Yeye aiita nchi aliyoiendea nchi ya Sawahili, na neno hilo, lililokuwa na maana ya pwani tu, ndilo lililokuja kuwa jina la watu na la lugha. Majina ya magofu pia ni tarikh: Husuni ni hisn ya Kiarabu, yaani ngome, na gereza, kwa maoni ya wengi, latokana na igreja, jina la kanisa kwa Kireno.

Magofu ya Kilwa na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na toka 2004 hata 2014 yalihesabiwa kuwa katika hatari. Juhudi hizo zaokoa mawe, nazo zastahili shukrani. Lakini mji wa miti, uliokuwa mji wa watu wengi zaidi, hauna ukuta wa kutengenezwa. Wabaki katika alama za ardhini, zisizoonekana mpaka mtu achimbe, na katika maneno machache yaliyosimuliwa Fez na kuandikwa na mtu wa Granada. Ajifunzaye Kilwa kwa mawe peke yake amewajua wafalme wake. Watu wake bado hajawaona.