Mashimo Mawili ya Mbinga

Mto Ruhuhu hutoka katika nyanda za juu za Njombe, hushuka upande wa magharibi, na kuingia Ziwa Nyasa kati ya Manda na Lituhi. Kusini mwake imesimama milima ya Umatengo. Katika nchi hii mna mashimo ya namna mbili, nayo yafaa tuyalinganishe.

Shimo la kwanza ni ngoro. Katikati ya karne ya 19 Wangoni walifika kutoka kusini wakaivamia nchi, na Wamatengo wakakimbilia milimani, kwenye mapango na miamba. Lakini watu wengi wakisongamana penye miteremko mikali, mvua huchukua udongo. Wamatengo waliushinda mteremko kwa jembe. Mvua zikaribiapo kwisha, hufyeka majani, huyapanga kwa mistari iliyokatana kama macho ya wavu, kisha huchimba udongo katikati ya kila jicho na kuyafunika. Majani huoza yakawa mbolea, na maji hutulia shimoni. Juu ya matuta hupandwa maharagwe, na msimu ufuatao mahindi.

Shimo la pili ni la makaa ya mawe, yaani mimea iliyozikwa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Mjerumani Bornhardt, aliyechunguza mawe ya nchi kati ya 1895 na 1897, aliandika habari za makaa ya Ruhuhu. Lakini pwani ilikuwa mbali, wala reli haikuwapo. Miaka zaidi ya mia ikapita. Ndipo mwaka 2011 kampuni ya Tancoal, iliyoundwa kwa ubia na Shirika la Taifa la Maendeleo, ilipoanza kuchimba Ngaka, karibu na kijiji cha Ntunduwaro, na malori yakachukua makaa kwenda viwanda vya saruji.

Mtu asidhani kwamba makaa ni laana. Yamewapa wengi kazi. Lakini ngoro huchimbwa ili udongo ubaki, na mgodi huchimbwa ili kilichomo kiondoke. Mwenye ngoro huwarithisha wanawe shamba. Mgodi hurithisha kile tu kilichojengwa kwa mapato yake. Basi wanakijiji na waulizane: fedha ya makaa imejenga shule gani, imeleta maji wapi, na shimo litafukiwa na nani? Yafaa kuuliza mapema, kwani ngoro haingojei udongo wote uchukuliwe na mvua ndipo ichimbwe.