Shabana ni Nani? Stori ya Duka la Kisii Lililogeuka Timu

Kama wewe ni wa Kisii ama Nyamira, jina Shabana umeliskia tangu ukiwa mtoi. Siku ya mechi Gusii Stadium inajaa, mat za kutoka Keroka zinashukisha mafans wamebana hadi mlangoni, na kelele ni moja tu: Tore Bobe! Keroka yenyewe imekaliwa na mpaka wa kaunti mbili, lakini hiyo siku hakuna mtu anaulizwa yeye ni wa upande gani.

Sasa jiulize, Shabana ni nani? Si mtemi wa Abagusii. Si mlima, si mto. Ukilitafuta hilo neno kwa Ekegusii utakesha.

Ni jina la duka. Shabana Hardware, Kisii mjini, biashara ya vifaa vya ujenzi ya familia yenye asili ya Asia. Timu ilianza 1980, duka likaidhamini, na jina la ukutani likaingia kwa jezi. Angalia pia ni miaka gani hiyo. Karibu na wakati huo serikali ilikuwa imezikazia klabu ziache majina ya kikabila. Abaluhya wakawa AFC Leopards, na hata Gor Mahia kuna kipindi iliitwa Gulf Olympic Rangers (wacheki mafans wa Gor wakikuambia hawakumbuki). Jina la duka halikuwa na kabila la kumuudhi mtu.

Na hilo jina lilibeba watu wazito. Henry Motego, straika ambaye wazee wa Daraja Mbili bado wanamtaja kama alicheza jana. Mike Okoth Origi pia alipitia Shabana kabla ya kwenda Ubelgiji na kushinda ligi na Genk mwaka wa 1999. Kijana wake ni Divock, yule aliyefungia Liverpool fainali ya Champions League 2019. Kwa hivyo ukifuata uzi vizuri, kuna duka la Kisii kwa hiyo stori.

Halafu mambo ikaharibika. Shabana ilishuka ligi kuu 2006 na ikakaa huko chini miaka 17, hadi 2023 ndio ikarudi. Miaka hiyo yote ingekuwa rahisi kubadilisha jina, mdhamini mpya aje na lake. Jina lilibaki. Hapo mimi nawapea heko mafans kuliko ofisi yoyote.

Linganisha na Nakumatt. Hilo jina lilitoka kwa duka la magodoro, Nakuru Mattresses, likakua supamaketi kubwa kabisa na ikawa na timu yake ligi kuu. Supamaketi ilipozama, timu ikacheza msimu wa 2018/19 ikiitwa Mount Kenya United, ikashuka daraja. Leo ni nani anaimba wimbo wa Nakumatt FC? Jina lililoshikiliwa na pesa pekee linaenda na pesa.

Wacheza gofu wanaelewa hii kitu. Kule St Andrews, Scotland, Old Tom Morris, bingwa wa The Open mara nne, alikuwa na duka la vifaa vya gofu kando ya shimo la 18. Aliaga 1908, na jina la hilo duka bado wanalipigia kelele, juu wanajua bango likitoka, mtalii atapita hapo akidhani ni duka tu la kofia.

Kisii mjini mabango yanatoka kila mwaka. Duka linauzwa, jengo linabomolewa, ghorofa inapanda, na makanga ndio wanabaki wakiita steji kwa jina la duka ambalo wewe hujawahi kuliona. Hakuna sheria itakayomlazimisha mwenye nyumba aache bango la zamani. Kazi ni yako na simu yako.

Kwa hivyo ukienda ushago Disemba, kaa na sokoro umuulize jezi ya kwanza ilikuwa rangi gani, nani alilipa basi, mechi gani ilifungisha maduka. Mrekodi akiongea Ekegusii chake. Na ukipata risiti ama kalenda ya Shabana Hardware kwa sanduku lake, usiache iwashe moto jikoni. Piga picha mbele na nyuma, andika mwaka, kisha muulize siku hiyo alikuwa ameenda kununua nini.