Ngazi ya Sauti: Habari za Mafundisho ya Kuimba katika Shule za Kati

Katika kitabu hiki cha jubilei wasomaji wameonyeshwa makanisa yaliyojengwa, visima vilivyochimbwa na zahanati zilizofunguliwa. Mambo hayo yaonekana kwa macho. Sisi tumependa kuandika habari za kitu kisichoonekana, ila husikiwa, nacho ni mafundisho ya kuimba waliyopewa watoto wa shule za kati. Wengi hudhani kuimba ni kipawa tu, mtu huzaliwa nacho au hana. Watu hao huona ajabu wakiambiwa ya kwamba wimbo husomwa kama barua isomwavyo, na ya kwamba mtoto wa miaka 12 aweza kupewa karatasi yenye wimbo asiopata kuusikia tangu kuzaliwa kwake, naye akauimba sawasawa.

Asili ya elimu hiyo ni ya kale. Miaka elfu moja iliyopita alikuwako Italia mtawa mmoja, jina lake Guido wa Arezzo. Kazi yake ilikuwa kufundisha vijana nyimbo za kanisa, akaiona taabu yao: walitumia miaka mingi kuzishika nyimbo kwa masikio tu, na hata baada ya miaka hiyo hawakuweza kuimba wimbo mpya pasipo mwalimu. Basi akatwaa wimbo wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao mistari yake ya kwanza hupanda, kila mmoja ukianza kwa sauti iliyo juu kidogo kuliko ule uliotangulia. Akachukua silabi ya kwanza ya kila mstari, akapata ut, re, mi, fa, sol, la. Hizo ni sita. Ya saba iliongezwa baadaye, na ut ikageuzwa kuwa do, kwa sababu do ni nyepesi kinywani.

Tuivuke miaka mia nane. Katika mji wa Norwich, Uingereza, alikuwako mwanamke mmoja aitwaye Sarah Glover, aliyezaliwa mwaka 1786. Yeye alifundisha watoto kuimba, na kwa ajili yao alitengeneza ngazi ya sauti, imeandikwa kwa herufi tupu, bila mistari mitano wala vichwa vyeusi na vyeupe vinavyowatisha wanaoanza. Ndiye aliyeigeuza si ikawa ti, ili kila sauti iwe na herufi yake mwenyewe ya kuanzia, isichanganywe na so. Mwaka 1835 akatoa kitabu cha mafundisho hayo. Twaona yafaa jina lake litajwe mbele ya watoto, maana mara nyingi husahauliwa, na sifa zote hupewa mtu aliyemfuata.

Mtu huyo ni John Curwen, mchungaji, aliyezaliwa mwaka 1816. Mwaka 1841 waalimu wa shule za Jumapili walikutana katika mji wa Hull, wakampa kazi ya kutafuta njia iliyo rahisi kupita zote ya kufundisha watu kuimba. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa fundi wa muziki. Huenda hiyo ndiyo sababu alifaa, kwa kuwa aliyajua mahangaiko ya mtu asiyejua. Alikisoma kitabu cha Bibi Glover, akakipunguza hapa na kukiongeza pale, wala hakuficha alikoyapata. Kwa Wafaransa akachukua majina ya mapigo, kama ta na taa-tai, ili mtoto aweze kuusema mwendo wa wimbo kabla ya kuuimba. Kisha, karibu na mwaka 1870, akaongeza ishara za mikono: ngumi kwa do, kiganja kilicholala sawa kwa mi, kiganja kinachomwelekea mwimbaji mwenyewe kwa so, kidole kinachoelekea juu kwa ti, na nyinginezo.

Siri ya njia hii ni kwamba do haikufungwa mahali pamoja. Wimbo ukianzwa juu, do i juu. Ukianzwa chini, do i chini. Na sauti nyingine zote huifuata, mfano wa mzee wa kaya ahamapo na watu wake wote wakahama naye, kila mmoja akikaa pale pale alipozoea kukaa karibu naye. Kwa hiyo mtoto hajifunzi sauti moja moja kama mawe yaliyotawanyika; hujifunza ujamaa wa sauti. Huisikia so kuwa inang'aa, na la kuwa ina huzuni kidogo, na ti kuwa haitulii mpaka imefika kwa do. Mwalimu akiisha kuliingiza jambo hili masikioni mwa darasa, nusu ya kazi imekwisha.

Nayo ilifaa sana kwa misioni za Afrika, kwa sababu mbili zisizo za kiroho hata kidogo. Kwanza, haikuhitaji kinanda. Ubao, chaki na fimbo ya kuonyeshea vyatosha. Pili, wimbo ulichapwa kwa herufi zilezile za kuchapia Injili na kitabu cha hesabu: d, r, m, f, s, l, t, pamoja na nukta mbili mbele ya pigo jepesi, mstari wa wima mbele ya pigo zito, na kistari cha kuonyesha kwamba sauti iendelee. Kiwanda kidogo cha chapa kisicho na herufi za muziki kiliweza kutoa kitabu cha kwaya. Hata mwalimu wa kijijini mwenye taipureta moja aliweza.

Katika Afrika ya Kusini njia hii iliingia mwaka 1855, ikiletwa na Christopher Birkett. Haikukaa mikononi mwa wageni siku nyingi. John Knox Bokwe, aliyezaliwa mwaka huohuo wa 1855 na kusomeshwa Lovedale, aliuandika kwa solfa wimbo wa Ntsikana. Huyo Ntsikana alikuwa Mxhosa aliyefariki mwaka 1821, wala hakujua kuandika. Wimbo wake ulikuwa ukipokezanwa kwa vinywa tu. Hapo ngazi ya Bibi Glover ilifanya kazi asiyoifikiri yeye: ilihifadhi sauti ya Mwafrika aliyekwisha kufa. Naye Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misioni karibu na Johannesburg, alitunga mwaka 1897 wimbo kwa ajili ya wanafunzi wake, akauandika kwa solfa. Sontonga alifariki mwaka 1905, angali kijana. Tarehe 8 Januari 1912 wimbo huo uliimbwa Bloemfontein katika mkutano uliozaa chama cha ukombozi cha nchi ile, na mwaka 1961 Tanganyika ilipopata uhuru, sauti zake zilichukuliwa kwa maneno ya Kiswahili kuwa wimbo wa taifa. Kila asubuhi watoto wetu wakipanga mstari mbele ya bendera huimba kazi ya mwalimu wa shule. Tumewauliza wengi kama walijua, nao hawakujua.

Sasa tuje kwa shule za kati zenyewe. Katika Tanganyika ya miaka ya 1950 mtoto alisoma miaka 4 ya kwanza, kisha wachache waliochaguliwa waliingia shule ya kati, darasa la 5 hata la 8. Wengi walilala bwenini. Miongoni mwa hao wachache walitoka waalimu, makarani, wauguzi na makatekista, na kila mmoja alipopelekwa mbali alichukua ngazi ya solfa kichwani mwake. Ndiyo sababu kwaya za sauti nne zilitokea hata mahali pasipokuwa na kinanda wala Mzungu.

Umri huo wa miaka 11 hata 15 ni mgumu kwa mwalimu wa kuimba. Mtoto wa darasa la pili huimba kama ndege, hana haya. Akifika darasa la sita huanza kujitazama. Mvulana hufungua kinywa ili atoe sauti ya jana, na hutoka mkwaruzo, na wenzake hucheka. Waalimu wengine humwambia anyamaze mpaka sauti ipone. Sisi twaona hilo ni kosa kubwa, maana anyamazaye miaka miwili mara nyingi hunyamaza maisha yote. Sauti ile haiugui, inakua tu. Apewe mstari mfupi usiopanda sana wala kushuka sana, sauti nne au tano tu, naye ashike kazi ya kuonyesha ngazi kwa fimbo au kupiga mapigo. Aendelee kusoma kwa jicho na kusikia kwa sikio, hata kama koo lake bado li safarini. Wasichana nao sauti zao hubadilika, ila kwa upole, kwa hiyo mwalimu husahau kuwaangalia.

Walakini haifai kuisifu njia hii bila kusema madhara yaliyoambatana nayo. Nyimbo nyingi zilizotafsiriwa zilikuja na sauti za Ulaya, na sauti hizo zilitungwa kwa lugha ambazo mstari huanza kwa pigo jepesi na kwisha kwa pigo zito. Kiswahili hakiendi hivyo. Mkazo wetu hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho: MU-ngu, ba-RA-ka, wo-KO-vu. Wimbo wa kigeni huja ukakanyaga silabi ya mwisho, tukaimba mu-NGU na BA-ra-KA, na mzee asiyezoea kanisa akauliza, ati hiyo ni lugha gani? Mwalimu akitaka watoto waelewe jambo hili, awape neno barabara. Ukikaza ba ya pili, ni njia ya kupita magari. Ukikaza ra ya kwanza, ni sawasawa kabisa. Watoto hucheka, nao hawasahau tena. Katika lugha zetu za kabila zenye kupandisha na kushusha sauti ya neno, hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa wimbo ukishuka mahali neno linapopanda, maana yaweza kupotea.

Tena si kila muziki wa Afrika huingia katika ngazi ile. Baganda hupiga amadinda yenye sauti tano zilizogawanywa karibu sawasawa, wala hakuna do, re, mi ya Norwich inayolingana nazo. Wagogo wa Dodoma hutumia sauti za asili zitokazo katika uzi mmoja au bomba moja, na moja katika hizo hukaa chini kuliko ti na hata kuliko ti iliyoshushwa. Mwalimu akiwaambia watoto wa Kigogo kwamba babu zao waliimba nje ya sauti, amesema uongo. Na mapigo ya ngoma, mawili yakipigwa juu ya matatu, hayakai kwa raha kati ya mistari ya wima. Kwa miaka mingi ngoma zilizuiwa katika shule nyingi za misioni, na darasa la kuimba likawa darasa la kusahau.

Mambo yalianza kugeuka katikati ya karne ya 20. Padre Stephen Mbunga, Mtanganyika, alitoa kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu mwaka 1963, na tarehe 4 Desemba mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema kwamba muziki wa watu wa nchi za misioni upewe heshima na nafasi yake. Kwa upande wa Walutheri, Howard Olson wa Makumira alikusanya sauti za makabila na kuzitia maneno ya Kiswahili. Huko Hungaria nako Zoltán Kodály na wenzake waliifufua solfa pamoja na ishara za mikono za Curwen, lakini walianza na nyimbo za watoto wa Hungaria wenyewe, na mwaka 1950 shule ya msingi ya kuimba ilifunguliwa katika mji wa Kecskemét. Basi ngazi ni ileile. Kilichobadilika ni wimbo wa kwanza uliowekwa juu yake.

Siku hizi kwaya nyingi hujifunza kwa kusikiliza simu. Si vibaya kusikiliza. Lakini twaona ya kuwa wanakwaya wa namna hiyo huimba yale tu yaliyokwisha kuimbwa na wengine, na mwalimu wao akihama, hukaa na nyimbo zilezile miaka mitano. Taabu hiyo ndiyo aliyoiona Guido. Nao bibi zetu wenye nyimbo za kubembeleza watoto na za kutwangia mahindi wanaondoka mmoja mmoja, na nyimbo zao hazimo katika simu ya mtu ye yote.

Kwa hiyo mwalimu wa watoto wa umri huo aweza kuanza hivi. Kila mtoto aende nyumbani, aombe wimbo mmoja mfupi kwa mkubwa wake, arudi nao. Darasa liuimbe, litafute do iko wapi, kisha liuandike ubaoni kwa herufi, pigo kwa pigo. Wabishane ni silabi ipi yenye pigo zito. Mabishano hayo yaweza kumaliza kipindi kizima cha dakika 40, naye mwalimu asiwe na haraka ya kuwakatiza. Sauti isiyopata herufi yake katika ngazi iwekewe alama pembeni, na aliyeuleta wimbo atumwe tena kwa bibi yake aulize kama ndivyo uimbwavyo.