Robo Peni ya Birmingham: Imani, Kakao na Miaka Minane ya Kusubiri

Mjadala kuhusu imani na biashara miongoni mwa Wakristo wetu aghalabu huishia katika maswali matatu: Je, mfanyabiashara huyu anatoa rushwa? Je, mizani yake ni ya haki? Je, anatoa zaka? Ni maswali ya msingi, lakini hayatoshi. Historia ya kampuni ya Cadbury ya Uingereza inaonesha kwamba mtu anaweza kuyajibu yote matatu vizuri na bado faida yake ikawa imetoka katika jasho la watumwa.

Familia ya Cadbury ilikuwa ya madhehebu ya Marafiki, ambayo wengi huyajua kwa jina la Quaker. Kwa kuwa hawakukiri imani ya Kanisa la Anglikana, Marafiki walifungiwa milango ya vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge hadi ndani ya karne ya 19, na wengi wao wakaelekea kwenye biashara. Huko walijijengea jina. Waliuza kwa bei moja kwa kila mteja, na mwenzao aliyefilisika aliweza kutengwa na ushirika, kwani kushindwa kulipa deni kulihesabiwa kuwa ni kumdhulumu jirani. John Cadbury alifungua duka lake Birmingham mwaka 1824. Mwaka 1879 wanawe, Richard na George, walihamishia kiwanda Bournville, nje ya mji, ambako baadaye kilijengwa kijiji chenye nyumba bora na bustani. Marafiki walikuwa pia mstari wa mbele kupinga utumwa. Mwishoni mwa karne hiyo walifungua misheni kisiwani Pemba kuwasaidia watumwa walioachwa huru kutoka mashamba ya karafuu.

Kwa watu wa namna hiyo, habari zilizomfikia William Cadbury, mtoto wa Richard, mwaka 1901 zilikuwa nzito. Aliambiwa kwamba vibarua wa mashamba ya kakao ya São Tomé na Príncipe, visiwa vya Ureno katika Ghuba ya Guinea, walikuwa watumwa. Mwaka huohuo kampuni iliona tangazo la kuuza shamba moja la huko, ambalo liliwaorodhesha vibarua weusi na thamani yao kama sehemu ya mali. Wakati huo karibu nusu ya kakao ya Cadbury ilitoka visiwani humo.

Kisheria, utumwa ulikuwa umekomeshwa katika makoloni ya Ureno tangu miaka ya 1870. Kwa vitendo, watu walikamatwa au kununuliwa bara ya Angola, wakateremshwa hadi pwani, na mbele ya ofisa wakaandikiwa mkataba wa miaka 5 wasiouelewa. Mkataba ulipokwisha ulihuishwa. Karibu hakuna aliyerudi kwao.

Cadbury hawakukana habari hizo. Walifanya jambo linaloheshimika zaidi: walichunguza. Mwaka 1903 William alikwenda Lisbon, akaahidiwa marekebisho. Mwaka 1905 wakamtuma Joseph Burtt, ambaye kwanza alijifunza Kireno. Wakati huohuo mwandishi wa habari Henry Nevinson alikwishapita Angola na visiwani, na mwaka 1906 akachapisha kitabu kuhusu aliyoyaona. Ripoti ya Burtt ilithibitisha mambo yaleyale. Serikali ya Uingereza nayo ilisita kuibana Ureno, kwa kuwa migodi ya dhahabu ya Transvaal ilihitaji vibarua kutoka Msumbiji. Mwaka 1908 William akasafiri mwenyewe, na Machi 1909 Cadbury, pamoja na Fry na Rowntree, ambazo nazo zilikuwa kampuni za Marafiki, zikatangaza kwamba hazitanunua tena kakao ya huko. Ilikuwa imepita miaka 8.

Hoja yao ilikuwa kwamba mnunuzi aliyejitoa hana tena sauti. Tuitendee haki hoja hiyo. Haikuwa ya kipuuzi. Lakini mwenye kutumia sauti yake huweka kikomo, naye William aliendelea kupokea ahadi huku meli za kakao zikiendelea kutia nanga. Katika miaka hiyo hiyo, kakao ya wakulima wadogo wa Gold Coast, yaani Ghana ya leo, iliongezeka kwa kasi, na kampuni ikaanza kujipanga kununua huko kabla ya kususia visiwa. Sidai kwamba walisubiri kwa hila. Nasema tu kwamba gharama ya kusubiri kwao ililipwa na Waangola.

Septemba 1908 gazeti la Standard liliandika kwa kejeli juu ya unafiki huo. Lilikuwa na silaha: gazeti la George Cadbury, Daily News, lilikuwa limelaani vikali kazi za mikataba za Wachina katika migodi ya Afrika Kusini. Cadbury wakashitaki kwa kukashifiwa. Mahakamani Birmingham, wakili Edward Carson alimbana William kuhusu idadi ya waliokufa wakimzalishia kakao. Desemba 1909 jopo la raia waamuzi liliwapa Cadbury ushindi, na fidia ya robo peni.

Kuna jambo la kusikitisha katika hukumu hiyo. Wanunuzi wengine, ambao hawakuuliza lolote, hawakufikishwa popote. Lakini hilo halimpunguzii mzigo aliyeuliza na kujibiwa.

Nasi tunayo São Tomé yetu. Mfanyabiashara anayeongoza kwaya Jumapili hununua viazi kwa lumbesa Jumatatu, akijua mkulima amepunjwa. Mtumishi wa umma asiyegusa rushwa anaidhinisha malipo ya mzabuni ambaye vibarua wake hawajalipwa miezi kadhaa, kwa kuwa nyaraka zimekamilika. Mzee wa kanisa anamwambia binti wa kazi za ndani avumilie hadi hali itengemae. Wote hawa wanaweza kuwa waaminifu katika yale maswali matatu.

Swali la nne ndilo gumu, nalo William Cadbury alikuwa nalo mezani tangu 1901: nikishajua, nitasubiri hadi lini, na ni nani anayelipia kusubiri kwangu?