Kutoka gramu hadi moli na atomu: Hesabu ya jiwe la chokaa

MISUMARI huuzwa kwa kilo. Fundi anayehitaji misumari 500 hamwombi mwenye duka amhesabie mmoja baada ya mwingine. Akishajua uzito wa msumari mmoja, mizani inamtosha. Wanakemia wana haja iyo hiyo, ila vitu wanavyotaka kuhesabu, yaani atomu na molekuli, ni vidogo mno hata mizani ya maabara haiwezi kupima kimoja peke yake. Kipimo kilichobuniwa kuondoa tatizo hilo huitwa moli.

Moli ni jina la idadi, kama vile dazani ilivyo jina la vitu 12 na korja jina la vitu 20. Moli moja ni vitu 6.02214076 × 10²³. Idadi hiyo huitwa nambari ya Avogadro kwa heshima ya Amedeo Avogadro, mwanasayansi wa Italia ambaye mwaka wa 1811 alisema kwamba gesi zenye ujazo sawa, zikiwa katika joto na shinikizo sawa, huwa na idadi sawa ya chembe. Yeye mwenyewe hakuijua nambari inayobeba jina lake. Aliyeipa jina hilo, mwaka wa 1909, ni Mfaransa Jean Perrin. Tangu Mei 20, 2019, thamani yake imewekwa rasmi bila makadirio. Kabla ya hapo moli ilielezwa kwa idadi ya atomu zilizomo katika gramu 12 za kaboni-12. Kwa hesabu za shule, 6.022 × 10²³ inatosha.

Manufaa ya kipimo hiki yamo katika jedwali la elementi. Nambari ya uzito iliyoandikwa kando ya kila elementi ndiyo idadi ya gramu katika moli moja ya atomu zake: kaboni gramu 12, oksijeni 16, kalsiamu 40. (Wanafizikia hutenganisha uzito na wingi wa maada, hapa uzito ni zile gramu zisomwazo kwenye mizani.)

Mfano ulio karibu ni chokaa. Nyumba kongwe za Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka wa 2001, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kushikanishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma mawe hayo hayo. Sehemu kubwa ya jiwe hilo ni kalsiamu kaboneti, CaCO₃. Moli moja yake ina uzito wa 40 + 12 + (3 × 16), yaani gramu 100.

Tuseme kilo moja ya jiwe, na tulichukulie kuwa safi, ingawa matumbawe halisi huwa na mchanganyiko kidogo. Gramu 1,000 zikigawanywa kwa 100 hutoa moli 10. Kutoka hapo ndipo mtu anapoweza kuzifikia atomu: moli 10 zikizidishwa kwa 6.022 × 10²³ hutoa vipande 6.022 × 10²⁴ vya CaCO₃. Kurudi nyuma ni kugeuza tu: atomu hugawanywa kwa nambari ya Avogadro kupata moli, na moli huzidishwa kwa uzito wa moli moja kupata gramu. Hakuna njia ya mkato kati ya gramu na atomu isiyopitia kwenye moli.

Wanafunzi wengi huteleza mahali pawili. Kwanza, hawaulizi ni moli za kitu gani. Katika moli 10 za CaCO₃ mna moli 10 za atomu za kalsiamu, lakini za oksijeni ni moli 30, sawa na atomu 1.8066 × 10²⁵, kwa sababu kila kipande kina oksijeni tatu. Pili, hugawanya pale panapotakiwa kuzidisha. Kosa hili hujifichua lenyewe: aliyetafuta atomu za kilo ya jiwe akapata sehemu ndogo ya moja, ajue amepindua hesabu. Jibu dogo namna hiyo lingefaa swali jingine, la uzito wa atomu moja. Gramu 40 zikigawanywa kwa 6.022 × 10²³, atomu ya kalsiamu huwa na gramu 6.64 × 10⁻²³.

Sasa jiwe liingie tanuri. Katika joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, kila CaCO₃ huvunjika na kuwa CaO moja, ambayo ndiyo chokaa, na molekuli moja ya kaboni dayoksaidi, CO₂. Moli 10 za jiwe basi hutoa moli 10 za kila kimoja: gramu 560 za chokaa na gramu 440 za gesi. Mchomaji akipima alichokitoa tanurini atadhani ameibiwa karibu nusu ya mali yake, kumbe imepaa hewani.

Gramu hizo 440 si za moshi wa kuni. Zimetoka ndani ya jiwe lenyewe, na zingetoka hata kama tanuri lingepashwa kwa umeme wa jua. Ndiyo maana viwanda vya saruji, vikiwemo vile vya Bamburi na Athi River ambavyo pia huchoma jiwe la chokaa, haviwezi kumaliza gesi hiyo kwa kubadilisha fueli peke yake.

Chokaa ya mwashi nayo ina hesabu yake. Gramu 560 huzimwa kwa moli 10 za maji, gramu 180, zikawa gramu 740 za kalsiamu haidroksaidi, Ca(OH)₂. Ikishapakwa ukutani, hufyonza kaboni dayoksaidi ya hewani polepole, pengine kwa miaka mingi ukuta ukiwa mnene. Ikifyonza moli 10, gramu 440, na kuachilia maji yake gramu 180, kinachobaki ukutani ni gramu 1,000 za CaCO₃.